Mkia wa Ngano

"Shangazi, wewe unakula mkate kwa siri?"

Nilimuuliza hivyo sebuleni kwetu, nikiwa na miaka tisa, mbele ya bosi wake na mbele ya mama yangu, chai ikiwa bado inatoa mvuke mezani. Sasa nina miaka kumi na sita. Nimeuliza maswali mengi ya kijinga tangu nijue kuongea, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau. Likinijia nikiwa njiani kwenda shule huwa nafumba macho huku natembea, na siku moja niliugonga mkokoteni wa muuza maji kwa ajili yake.

Shangazi ni dada mdogo wa baba, na ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Nusu Inchi. Mtu akipita barabarani, yeye anamtazama mara moja tu, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Huyo bega lake la kushoto limeshuka nusu inchi." Ukimpima kwa futi, unakuta kweli. Hajaolewa. Tangu nizaliwe anaishi kwetu, kwenye chumba kidogo kinachotazama uani, na nguo zangu zote za utoto alizishona yeye kutokana na vipande vilivyobaki kazini. Nilikuwa na gauni lenye rangi za shule nne tofauti.

Wakati ule alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya sare za shule. Ni chumba kirefu chenye cherehani tano kwa mstari, meza ya pasi katikati, na mwisho kabisa meza ya bosi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye wote walimwita Madamu. Choo kilikuwa nyuma ya meza ya Madamu. Ufunguo wake ulining'inia ukutani juu ya kichwa chake, na ulikuwa umefungwa kwenye hanga la mbao la kutundikia nguo, ili mtu asije akausahau mfukoni akaenda nao nyumbani. Kwa hiyo ukitaka kwenda haja, unapita mbele ya cherehani zote, unainama kwa Madamu, unachukua hanga, na kila mtu anakuona umelibeba kama mtu aliyeshika nguo isiyoonekana. Ukirudi, vilevile.

Mtu mzima wa kawaida hulichukua hanga mara moja au mbili kwa siku. Shangazi alianza kulichukua mara tano kabla ya chakula cha mchana.

"Nusu Inchi, leo hanga limevaa nini?" wenzake walimuuliza.

"Gauni la harusi," alijibu. "La kwako, nikusitiri."

Walicheka, naye akacheka. Hayo alinisimulia mwenyewe, na mwanzoni aliyasimulia kama vichekesho. Baadaye akaacha kuyasimulia. Akaacha kunywa maji asubuhi, kisha akaacha na chakula cha asubuhi, ili tumbo lisipate cha kumsumbulia. Tumbo halikujali. Lilimsumbua likiwa tupu na lilimsumbua likiwa limejaa. Mikono yake ilikonda, shingo ikawa ndefu, lakini tumbo likavimba kwa gesi mpaka mmoja wa wenzake akamuuliza kama waanze kushona nguo za mtoto. Shangazi alirudi nyumbani siku hiyo, akajifungia chumbani, na sisi tukadhani anaumwa kichwa.

Kila baada ya wiki chache alipunguza magauni yake pembeni. Nilimwona akifanya hivyo kitandani, sindano mkononi. Alikuwa anaingiza kitambaa ndani na kushona mshono mpya, lakini hakukata kile kilichozidi.

"Si ukate tu, Shangazi? Yanakuwa mazito pembeni."

"Nikikata nitakuwa nimekubali," alisema.

Hospitali alikwenda, tena nyingi. Alitibiwa homa ya matumbo, akatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa amiba. Alimeza dawa za minyoo hadi baba akasema kwa kiwango hicho hata minyoo ya majirani lazima ilikuwa imeshakufa. Damu ikawa pungufu. Vidonda vikatoka mdomoni. Mwishowe akapelekwa hospitali kubwa, wakamtoa damu, halafu wakampitisha mpira mwembamba kooni hadi kwenye utumbo na kuchukua kipande kidogo sana cha kwenda kupima. Majibu yalipotoka, daktari alimuuliza anafanya kazi gani. Aliposema ni fundi cherehani, daktari akafurahi, kwa sababu alipata njia ya kumweleza.

"Utumbo wa mtu mzima ndani ni kama mahameli," alimwambia. "Una vinyweleo vidogo vinavyoshika chakula. Vyako vimelala vyote, utumbo wako umebaki kama kitambaa cha bitana. Chakula kinateleza tu kinapita."

Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Mwili wake hauelewani na kitu kinachoitwa gluteni, ambacho kimo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Akila, mwili unajipiga wenyewe. Dawa yake hakuna. Dawa ni kutokula. Si kupunguza, daktari alisisitiza, ni kutokula kabisa, hata chembe iliyobaki kwenye kisu, na si kwa mwezi mmoja, ni maisha yote.

Shangazi alipenda mkate kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikuwa na tabia ya kula ganda la pembeni kwanza, akiuzungusha mkate kama anayekata upindo.

Sasa niseme kuhusu mama. Mama na shangazi ni mawifi, na mawifi wanaoishi nyumba moja wana mambo yao. Hawakuwa wakigombana, lakini walisema "wifi yangu" kwa namna ambayo neno "yangu" lilibanwa kidogo. Ila siku Shangazi alipotoka hospitali na karatasi ile ya daktari, mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Basi. Nyumba hii yote inaumwa, si wewe peke yako." Kuanzia hapo mama akawa mkali kuliko daktari. Alinunua sufuria mpya akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini wake, isipikiwe kitu kingine. Mwiko mpya, kibao kipya cha kukatia, kopo la siagi la peke yake, maana kopo letu lilikuwa na chembe za mkate zilizoletwa na visu vyetu. Alisoma maandishi madogo kwenye viungo vya supu na kwenye soseji, akiviweka mbali na macho, mdomo ukisogea. Halafu akaandika kwenye karatasi kubwa: VISIVYOLIWA NA WIFI. Akaibandika kwenye mlango wa jikoni.

Nia ilikuwa njema. Lakini kila aliyeingia kwetu aliisoma. Jirani wa kuomba chumvi aliisoma. Fundi wa bomba aliisoma huku ameshika spana. Shangazi alianza kutundika kanga juu yake kila mgeni alipobisha hodi, na mama kila mara aliiondoa kanga akidhani imesahauliwa.

Chakula chake sasa kilikuwa wali, viazi, maharagwe, mayai, na zaidi ya yote uji wa mahindi, asubuhi na jioni, kwa kuwa ndio uliotulia tumboni. Na hapo ndipo nilipopewa kazi ya heshima. Kila Jumamosi nilibeba mahindi yetu kwenda kuyasaga kwenye mashine iliyo mwisho wa mtaa. Nilijiona mtu muhimu sana. Nilikuwa muuguzi mwenye ndoo kichwani.

Mashine ile ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa mzee mweupe kwa unga hadi kwenye kope, tuliyemwita Babu Vumbi. Watu wengi walisaga mahindi. Lakini kila Jumamosi alikuja mama mmoja muuza maandazi na gunia lake la ngano. Na watu wote wa foleni walijua jambo moja: mtu akishasaga ngano, mashine haitoi yote. Kiasi fulani kinabaki kwenye koo la mashine, na anayefuata na mahindi yake anakisukuma nje, kinaingia kwenye ndoo yake. Tulikiita mkia. Ukipata mkia wa ngano, unga wako wa mahindi unakuwa laini, mweupe, na uji wake hauna mabonge. Tena ni bure. Kwa hiyo wanawake walisukumana kimyakimya kupata nafasi ya nyuma ya mama maandazi. Walijifanya wanafunga kamba ya kiatu ili wengine wawapite, au walisema, "Tangulia tu, mama, mimi namsubiri mtu."

Mimi nilikuwa mdogo na mwepesi. Mkia niliupata karibu kila wiki.

"Huyu mtoto wako ana bahati ya unga," shangazi alimwambia mama, akikoroga uji. "Tazama ulivyo laini."

"Anachagua mahindi vizuri," mama alisema, na mimi nikavimba kichwa, nikanyamaza kama mtu mwenye siri ya kazi.

Wiki za kwanza shangazi alipata nafuu kidogo, kwa sababu mkate, biskuti na tambi vilikuwa vimetoka. Halafu nafuu ikasimama. Halafu ikarudi nyuma. Hanga likaanza tena safari zake. Alipokwenda kupimwa mara ya pili, mama alimsindikiza. Daktari aliangalia karatasi ya damu, akaziangalia zile namba kwa muda mrefu, akasema, "Kuna ngano inaingia mahali." Shangazi akasema yeye hali ngano kabisa. Daktari akavua miwani. "Mahali penyewe," akasema, "ni wewe tu unayepajua."

Maneno hayo yalikuja nyumbani pamoja na mama, na hayakutoka tena.

Kazini nako Madamu alikuwa amepokea oda kubwa ya sare za mwaka mpya wa shule. Alimwita shangazi mezani kwake. "Nakupa wiki sita," alimwambia kwa ile sauti yake ndogo. "Mimi nataka mtu wa kukaa kwenye cherehani. Wa kutembeza hanga sina kazi yake." Cherehani ya shangazi ilikuwa ya pili kutoka dirishani, yenye mwanga mzuri kuliko zote. Alikuwa ameikalia miaka kumi na moja.

Jioni moja nilisimama nje ya mlango wa jikoni, mbele ya ile karatasi, nikasikia mama na baba wakizungumza.

"Nakwambia dada yako anakula mkate huko kazini," mama alisema.

"Umemwona?"

"Lazima nimwone? Damu yake imesema. Mimi napika sufuria mbili, naosha miiko miwili, nasoma maandishi ya sisimizi mpaka macho yananitoka, halafu mtu anakwenda kujaza tumbo kwa wenzake."

"Ni mtu mzima yule."

"Ndiyo linaloniuma. Angekuwa mtoto ningemchapa."

Baba hakujibu. Kutojibu kwake nilikuelewa kama kukubali.

Kesho yake nilipekua mkoba wa shangazi alipokuwa anaoga. Nilitaka kukuta mkate. Sikuukuta. Nilikuta futi ya kupimia, pini ndani ya kibati, kipande cha sabuni, karatasi za chooni zilizokunjwa vizuri, na kwenye mfuko wa plastiki, chupi safi iliyosokotwa ikawa ndogo kama ngumi. Sikuelewa kwa nini mtu mzima atembee na chupi. Nilirudisha kila kitu, na wala sikuona haya. Haya ilikuja miaka mingi baadaye, siku nilipoelewa.

Jumapili iliyofuata Madamu akaja kumwona mgonjwa. Alikuja na keki kwenye boksi, nadhani bila kufikiri, au pengine alifikiri. Mama alileta chai. Shangazi alikaa kwenye ukingo wa kiti, amevaa gauni lenye pembeni nene za mishono iliyorundikana. Madamu akakata keki akamsogezea.

"Asante, Madamu. Siwezi."

"Hata kipande hiki? Mbona kidogo tu."

"Siwezi kabisa. Daktari amekataza."

"Na bado huponi," Madamu akasema.

Mama alikuwa anatazama kikombe chake. Nami sikuwa na breki mdomoni. Nilitaka kujua, na nilikuwa na hakika kwamba nikiuliza nitajibiwa, kwa kuwa shangazi alikuwa hajawahi kuninyima jibu. Nikauliza.

Sijui nilitegemea nini. Shangazi hakunifokea. Alinitazama, kisha akamtazama mama, na mama akainamisha kichwa kwa namna ambayo hata mgeni angejua swali lile limetoka kwa nani. Shangazi akainuka, akakusanya vikombe, hata ambavyo vilikuwa bado na chai, akaenda navyo jikoni. Tukasikia maji yakimwagika.

"Mtoto ameuliza tu," Madamu akasema, taratibu, akijipangusa vidole.

Jumatatu shangazi alipofika kazini, kwenye cherehani ya pili kutoka dirishani alikaa msichana mwingine. Wiki sita zilikuwa hazijafika hata nne. Yeye akapewa kigoda karibu na mlango na kapu la vifungo. Kazi ya vifungo hulipwa kwa kila shati, na hupewa wanaojifunza. Alishona vifungo mbele ya wasichana aliowafundisha mwenyewe kutia uzi.

Nyumbani hakulalamika. Alisema "shikamoo kaka" kwa baba na "habari za kutwa, wifi" kwa mama, akala uji wake na sufuria yake akaiosha mwenyewe. Na mimi aliendelea kunisuka kila Jumapili, mikono ileile, bila kuvuta nywele kwa hasira. Ningependa angevuta.

Kazi ya vifungo ilimwachia Jumamosi. Jumamosi moja nilipokuwa nafunga ndoo ya mahindi, alitoka chumbani amevaa viatu.

"Leo twende wote," alisema.

Tulifika tukakuta foleni ya watu wanne na mama maandazi wa tatu. Nilifanya kama siku zote. Nikamwambia mwanamke aliyekuwa nyuma ya mama maandazi kwamba Babu Vumbi anamwita pale mbele, na alipokwenda kuuliza nikachukua nafasi yake. Aliporudi akanisonya, nikaangalia juu.

"Umefanya nini?" Shangazi akauliza.

"Nimepata nafasi nzuri."

"Nzuri kwa nini? Tungekuwa wa tano, tumekuwa wa nne. Mbona wiki iliyopita ulichelewa kurudi, kama huwa unakimbilia mbele?"

"Si mbele, Shangazi. Nyuma ya ngano." Nilikuwa na furaha kweli. Nilikuwa nimengoja mtu aniulize. "Ukiwa nyuma ya ngano unapata mkia. Ndiyo maana unga wako huwa laini. Mimi huwa naupata kila wiki, wale wamama wakubwa hawaniwezi."

Foleni ikasogea. Mama maandazi alikuwa anamalizia gunia lake. Mdomo wa mashine ulikuwa mweupe, na vumbi la ngano lilikuwa limetanda hewani na juu ya ndoo yetu. Shangazi aliitazama mashine. Alitazama lile koo la bati lililopinda, ambamo unga ulikuwa bado unachuruzika ingawa gunia lilikuwa limekwisha. Babu Vumbi akanyoosha mikono kuipokea ndoo yetu.

"Ngoja," Shangazi akasema.

"Mkia huo, dada, usiuache," Babu Vumbi akamwambia kwa wema. "Mjukuu wangu huyu ndiye bingwa wake."

Shangazi akaichukua ndoo, akanishika mkono, tukatoka kwenye foleni. Yule mwanamke niliyemlaghai akaruka haraka kwenye nafasi yetu. Tulitembea hadi nyumbani. Katikati ya njia nilielewa. Sikuelewa kwa maneno. Nilielewa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Karatasi ya mlango wa jikoni niliisoma kila siku, na neno la kwanza kwenye orodha lilikuwa NGANO.

Jikoni, mama alikuwa anachambua mchele. Shangazi akaiweka ndoo chini.

"Wifi, nimeiona ngano," akasema. "Iko kwenye mashine. Wanasaga ngano na mahindi humohumo, na inayobaki inaingia kwenye unga wetu. Kila wiki."

Alisema hivyo tu. Hakusema nani alikuwa akiifuata ngano ile kwa mbio. Alisema "mashine." Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilijua kwamba mtu mwenye hatia anapaswa aseme sasa hivi. Mama akaacha mchele. Akaweka mikono kichwani. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote: alipiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji.

"Wifi yangu, nisamehe. Nimekusema. Nimekusema kwa kaka yako, na mtoto akanisikia, na umepoteza kiti chako kwa mdomo wangu."

"Inuka, wifi. Sakafu ina maji."

"Siinuki. Sema umenisamehe."

Shangazi alichukua muda. Nakumbuka kwamba alichukua muda, kwa sababu mimi nilikuwa nautumia kupanga jinsi nitakavyosema. "Nimekusamehe," akasema. Mama akainuka, wakashikana. Nami sikusema. Nikaiacha mashine ibebe lawama.

Tangu siku ile mahindi yake tuliyatwanga wenyewe kwenye kinu cha mbao, mama akishika mchi, nami nikipepeta. Mama alikwenda karakana kumweleza Madamu. Madamu alimsikiliza hadi mwisho, akasema ni jambo la kusikitisha sana, lakini kiti kimeshapata mtu. Shangazi alishona vifungo miezi minne mingine. Nafuu ilikuja polepole. Kwanza vidonda vya mdomoni, halafu usingizi, halafu akaanza kunywa maji hadharani. Siku moja nilimkuta kitandani akifumua mishono ya magauni, mmoja baada ya mwingine, akirudisha kitambaa nje. Baba akamsaidia kupata cherehani iliyotumika, akaacha kazi ya vifungo, akaanza kushonea kwetu, chini ya dirisha la chumba chake.

Kuishi na ugonjwa huo bado si mchezo. Kwenye sherehe hubeba chakula chake kwenye mfuko alioushona mwenyewe, na wapo wanaosema anaringa, anaogopa kulogwa. Huwa anawaacha waseme. Kuliko kueleza habari za utumbo mbele ya sahani za watu, anaona afadhali kuitwa mwenye kuringa. Jambo analolionea haya zaidi ni kuuliza. "Hii supu mmetia unga?" Anasema kila akiuliza anasikia kama amemwambia mpishi ni mchafu.

Nilinyamaza miaka saba. Mwezi uliopita alikuwa ananishonea sketi ya kidato kipya. Nilisimama juu ya kigoda katikati ya chumba chake, yeye amepiga magoti chini akipima upindo, pini tano midomoni. Sijui kwa nini ikawa siku hiyo. Pengine ni kwa sababu hakuweza kunikatisha, na mimi sikuweza kukimbia bila kuchomwa.

Nikamwambia yote. Kwamba nilijua tangu pale njiani. Kwamba haikuwa mashine, nilikuwa mimi, kila wiki, kwa kujisifu. Kwamba nilimsingizia anakula mkate huku mimi ndiye niliyekuwa namlisha ngano, akapoteza cherehani yake, na mama akapiga magoti mahali ambapo ningepiga mimi.

Alichomoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye upindo. Ya pili. Ya tatu, hadi zote zikaisha. Kisha akakaa chini, mgongo kwenye mguu wa cherehani.

"Mkia wako niliujua siku ileile, na ulikuwa mtoto, huo nilishauacha palepale," alisema. "Lakini uliniuliza swali, na sikukujibu. Nilikula. Biskuti. Nyuma ya majora ya vitambaa, nimesimama, natafuna taratibu ili zisisikike. Mara tatu. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, wewe ukauliza Jumapili, nikadhani umeniona. Baada ya hapo niliacha kabisa, na tumbo halikuacha, ndipo nikaanza kutafuta kitu kingine cha kulaumu, mpaka nikafika kwenye mashine. Mama yako alipopiga magoti nilitakiwa nimwambie kwamba alichonidhania hakikuwa uongo wote. Nilikaa kidogo nikifikiri, hata wewe uliona. Lakini nilikuwa nimeishi miezi katika nyumba ya kaka yangu hakuna mtu ananiamini, na siku ile mliniamini wote kwa mpigo. Nikajiambia, acha niaminiwe leo, nitasema kesho. Sijamwambia mtu mpaka sasa hivi."